Maneno Niliyomwandikia Kabula

Ninyi makarani na wakalimani wa mahakama mnaoanza kazi sasa mmepewa mashine ya chapa, taa ya umeme na kiti chenye mgongo. Sisi tulipewa kalamu ya kuchovya, chupa ya wino, na kitabu kikubwa cha jalada gumu ambacho kurasa zake zilipigwa namba ili mtu asichane hata ukurasa mmoja. Siwaonei wivu. Nataka kuwaeleza kosa moja nililolifanya katika kitabu kile, maana nina hakika na ninyi mtalifanya, na mashine ya chapa itawasaidia kulifanya upesi zaidi.

Nilikuwa karani wa baraza la mtemi upande wa Shinyanga, miaka ile ya mwanzo ya hamsini. Watu walisema kwa Kisukuma, mimi nikaandika kwa Kiswahili. Shauri likikatiwa rufaa, kitabu kilipelekwa Boma, na Bwana Shauri, Mzungu aliyekijua Kiswahili lakini si Kisukuma, akasoma nilichoandika. Mara nyingi waliosema hakuwaona. Aliona mwandiko wangu tu, nao ulikuwa mzuri. Mwandiko mzuri una hatari yake: mtu akiuona hudhani na yaliyomo ni ya kweli.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Salehe, mtu wa Tabora, mwembamba, mwenye kanzu iliyonyooka hata siku ambazo makaa ya pasi hayakupatikana, hatukujua aliinyooshaje. Wiki yangu ya kwanza shahidi mmoja alisema ng'ombe aliyemwona porini alikuwa kama mwekundu. Nikaandika mwekundu. Mzee Salehe alisoma, akaweka kidole kwenye mstari, akaniuliza, "Ile kama umeipeleka wapi?" Nilimjibu kwamba haikuwa na maana. Akasema yupo mtu atakayefungwa au kupona kwa ile kama, kisha akanifanya niiandike pembeni mwa ukurasa na kutia sahihi mbele ya watu, mimi kijana mwenye viatu vipya.

Alinifundisha pia kwamba nisichokielewa niandike sikukielewa. Alisema karani anayejaza shimo kwa maneno yake hatumbukii yeye, hutumbukia mwingine. Nilikariri maneno hayo vizuri sana. Kuyakariri hakukunisaidia kitu, kwa sababu siku ilipofika sikujua kwamba pale mbele yangu palikuwa na shimo.

Kabula binti Masunga alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi. Alizaliwa hasikii, na hakuwahi kusema. Zamani zile tulimwita bubu, naye hakuwa na njia ya kutukataza. Ninyi mnasema kiziwi, na mnasema vyema zaidi. Baba yake alikufa yeye angali mdogo. Mama yake akafa misimu mitatu kabla ya shauri ninalolieleza, na Kabula akabaki peke yake katika kaya ya wazazi wake: nyumba ya msonge, ghala la mtama, zizi la ng'ombe watatu, na ua wa minyaa ulioizunguka kaya yote.

Watu wa mbali walidhani maisha kama hayo hayawezekani. Majirani hawakuona ajabu. Alilima pamba yake, akaibeba hadi kituo cha kununulia, akasimama karibu kabisa na mzani na kuutazama mpaka mshale utulie. Wapimaji walimwogopa kuliko waliokuwa na midomo. Alifinyanga vyungu, akaviuza gulioni kwa kuonyesha vidole. Mgeni hakupiga hodi kwake. Alirusha kidonge cha udongo mbele ya mlango, mahali ambapo macho yake yangekiona. Alikuwa na mbwa mweupe aliyelala karibu na miguu yake akifanya kazi, na mbwa yule akisimamisha masikio, Kabula aligeuka. Wanawake wa pale walipalilia kwa zamu, shamba kwa shamba. Alikwenda nao kwenye mashamba yao, na siku ya shamba lake walikuja wote.

Jirani yake wa karibu alikuwa mjane aliyeitwa Mama Shija, aliyemzidi umri kidogo na kukua naye. Wawili hao walizungumza kwa mikono tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Mama Shija aliniambia baadaye kwamba katika kijiji kizima hakukuwa na msengenyaji kama Kabula, ila yeye alisengenya bila kelele.

Aliyeleta shauri ni Masele, baba yake mdogo. Sipendi mumwone kuwa ni mwizi. Alikuwa mtu wa heshima, na nusu ya aliyoyasema aliyaamini. Alisema kaya haiwezi kuwa na mwenyewe asiyeitikia akiitwa. Alisema moto ukiwaka nyuma ya nyumba Kabula hatausikia, na kwamba ni aibu kwa ukoo kumwacha mtu wa namna ile aishi kama ndege. Akaomba baraza limruhusu amhamishie kwake, pamoja na ng'ombe na shamba, ili amtunze. Wazee wa baraza waliitikia kwa vichwa. Hata mimi niliona ni jambo jema, na hilo mliweke akilini, kwa sababu nilikwisha kulipenda jibu kabla halijatolewa.

Mtemi akasema mwanamke aulizwe mwenyewe. Mama Shija hakuwapo siku hiyo, alikuwa msibani. Mke wa Masele akasimama, akasema yeye anaijua lugha ya Kabula. Akamgusa bega, akafanya ishara mbili tatu. Hapo aliyeuliza alikuwa na faida yake katika jibu, na kila mtu barazani aliliona jambo hilo, lakini hakuna aliyelitaja.

Kabula alijibu. Alivuta ncha ya sikio lake, na hiyo wote tuliielewa, maana Masele alikuwa na ndewe ndefu zilizotobolewa tangu ujana. Akapeleka vidole mdomoni mara tatu. Akajigusa kifuani. Kisha akazungusha mikono yote miwili mbele yake mpaka ikakutana, kama mtu anayekumbatia mtungi, akaelekeza kidole chini. Alirudia yote mara ya pili, polepole, akinitazama mimi, kwa sababu aliona kwamba mimi ndiye ninayeandika.

Sikungoja kufasiriwa. Nikaandika hivi, na naweza kuwasomea mpaka leo bila kitabu: "Baba yangu mdogo ndiye anayenilisha. Ananipenda, nami nataka kukaa kwake."

Angalieni jinsi ilivyonyooka. Haina kama wala labda. Mtemi aliposomewa aliridhika, wazee wakaridhika, Masele akainamisha kichwa kwa shukrani. Kabula hakujua kilichosomwa. Aliona tu nyuso za watu walioridhika, na nilikuja kuambiwa kwamba alirudi nyumbani siku hiyo akidhani ameshinda.

Baada ya wiki mbili na nusu nilitumwa upande ule pamoja na tarishi wa baraza kuangalia mpaka wa ngitili, eneo la malisho lililofungwa mpaka kiangazi, ambalo watu wawili walikuwa wakiligombea. Tulipita karibu na kaya ya Kabula. Nyumba ya msonge ilikuwa imebaki fito tupu. Nyasi za paa zilikuwa zimechukuliwa, na zizi lilikuwa wazi. Kando ya njia Mama Shija alikuwa ameketi akimenya viazi vya kukatia michembe, vile vipande vya kukausha juani. Tulisalimiana. Bila kuacha kumenya, akaniuliza nani alimwambia mtemi kwamba Kabula anataka kuhama.

"Mwenyewe," nikasema. "Niliandika alichosema."

"Alisemaje?"

Nikamwonyesha. Nilivuta sikio, nikapeleka vidole mdomoni, nikajigusa kifuani, nikazungusha mikono, nikaelekeza chini. Nilikuwa na kumbukumbu nzuri na nilijivunia.

Mama Shija aliweka kisu chini. "Rudia."

Nikarudia. Akaniuliza mimi nilisikia nini katika hayo, nami nikamtajia sentensi yangu. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Karani, hapo hamna kulishwa. Kwa Kabula mwenye kitu huja mwisho. Masele, anakula, changu. Na hii," akazungusha mikono, "si kukumbatia mtu. Ni minyaa. Ni kaya. Kaya yangu, nakaa hapa. Mtoto yeyote wa hapa angekusomea."

Akanieleza kwamba tangu mama mtu afe, Masele alikuwa akichota mtama katika ghala la Kabula kila alipoishiwa. Hilo ndilo alilokuja kulisema barazani. Alikuwa amekuja kushtaki, na mimi nikamwandikia shukrani.

Nilikwenda kwa Masele. Kabula alikuwa uani akitwanga na wanawake wa pale. Aliponiona alinipa kisogo. Kwa mtu asiyesikia, kukupa kisogo ni sawa na kukufungia mlango. Nilizunguka nije mbele yake, naye akazunguka. Tulizungukana hivyo mara mbili, wanawake wakitutazama, mpaka tarishi akaniambia tuondoke tusije tukachekesha watu.

Ningependa kusema kwamba siku ileile nilikwenda kwa mtemi. Sikwenda. Nilikaa siku nne. Niliwaza kwamba pengine Mama Shija anataka shamba lile. Niliwaza kwamba hukumu imekwisha, kwamba Kabula ana chakula na paa juu ya kichwa, na kwamba karani akisema kitabu chake kina uongo, vitabu vyote alivyowahi kuandika vitatiliwa shaka. Sababu zote zilikuwa nzuri, na zote zilinihusu mimi. Siku za kukata rufaa zilikuwa thelathini, nami nilijua zimebaki chache.

Siku ya nne nilimweleza mke wangu, Mama Yosefu. Nilimwambia naweza kufukuzwa kazi. Alikuwa akimnyonyesha mtoto, hakuinua macho.

"Wewe ukifukuzwa tutalima," akasema. "Yeye akifukuzwa atalima wapi?"

Kesho yake nilikwenda kwa mtemi kabla baraza halijaanza. Alikuwa mtu mzito, asiyependa kusahihishwa, na hukumu ilikuwa yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi nilimwuliza mwanamke yule, nawe ukanijibu wewe." Nilisimama nikitazama vidole vya miguu yangu. Baadaye akasema hawezi kuivunja hukumu yake mwenyewe kwa maneno ya karani, lakini rufaa hataizuia, na kwamba niandike pembeni mwa ukurasa ule yote niliyomweleza, nitie sahihi.

Niliandika. Kurasa zile zina namba, na kama mchwa hawajakila, kitabu bado kinasema mimi ni mwongo.

Kuipata rufaa yenyewe kulikuwa kazi nyingine. Kabula alitakiwa kutia dole gumba kwenye karatasi. Mama Shija alimweleza mara mbili, mara tatu, uani kwa Masele, na Masele mwenyewe amesimama pale amekunja mikono. Kabula aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akairudisha. Kwake yeye karatasi yangu ilikuwa ndiyo iliyombomolea nyumba. Alikubali pale tu Mama Shija alipochukua wino akatia dole lake kwanza pembeni ya mahali penyewe, kumwonyesha kwamba hata yeye anaweka mwili wake pale.

Tulikwenda Boma Shinyanga, sisi wote, na Masele naye na mkewe. Bwana Shauri alikuwa kijana, mwekundu kwa jua, mwenye kaptula na soksi ndefu. Alisoma ukurasa wangu, akasoma na pembeni mwake, akaniuliza kama kuna kurasa nyingine za namna hiyo. Nikasema sijui. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema neno hilo mbele ya mkubwa, na nilishangaa kuona bado nimesimama.

Masele alizungumza vizuri. Alisema karani amehongwa. Alisema Mama Shija hawezi kuwa mkalimani, kwa sababu shamba lake limepakana na lile la Kabula na analitamani. Naye huenda akasema lolote, nani atajua? Lilikuwa swali la haki, nami mwenyewe nilikwisha kujiuliza. Bwana Shauri akanigeukia. Akauliza, kama mimi siaminiki, wala mwanamke yule haaminiki, tutajuaje kilicho mikononi mwa mtu huyu?

Nilikuwa nimeliwaza hilo njia nzima. Nikamwomba amtoe Mama Shija nje pamoja na tarishi, mbali, asipoweza kuona wala kusikia. Kisha afanye mambo mbele ya Kabula, mambo yoyote, bila kunieleza mapema. Halafu Mama Shija arudi, Kabula amsimulie kwa mikono, naye atuambie amesimuliwa nini.

Bwana Shauri alilipenda. Mama Shija alipokwisha kutolewa, alivua kofia yake, akaifungia kabatini. Akatoa kiko mfukoni, akampa Masele akishike. Akahamisha kiti kutoka dirishani hadi mlangoni, akaketi, akasimama. Kabula alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mbuzi aliyepanda juu ya paa.

Mama Shija akaitwa. Kabula akaanza, na mikono yake ilikwenda upesi kuliko nilivyowahi kuiona barazani. Mama Shija alifuatilia, akasema kwa Kisukuma, nami nikaweka kwa Kiswahili: Mzungu amevua kofia, ameificha katika sanduku lile la kusimama. Masele amepewa kiko na anaogopa kukishika. Kiti kilikuwa pale, sasa kiko hapa, na hajui kwa nini. Kisha Kabula akaongeza jambo, na Mama Shija akasita.

"Sema," Bwana Shauri akamwambia.

"Anasema soksi yako ina tundu kisiginoni, mguu wa kushoto, na anauliza kama huna mke."

Niliitafsiri kama ilivyo. Nilifikiri, hapa ndipo ninapofukuzwa, na si kwa kile nilichokitegemea. Bwana Shauri akainua mguu, akageuza kisigino. Tundu lilikuwepo, kubwa kama kete ya bao. Hakuna mwingine aliyeliona kabla ya hapo, hata yeye mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba wanawake wale walipanga. Mke wa Masele ndiye aliyecheka wa kwanza, akajiziba mdomo.

Baada ya hapo Kabula aliulizwa upya, kwa njia ya Mama Shija, na kila swali liliulizwa mara mbili, mara ya pili kwa kupinduliwa, ili anayejibu ndiyo kwa la kwanza alazimike kujibu siyo kwa la pili. Alijibu kama alivyojibu barazani. Sikio, vidole mdomoni, kifua. Alipofika kwenye minyaa aliizungusha mikono mikubwa kabisa, mpaka mabega yakainuka, na safari hii hakunitazama mimi.

Kaya ilirudi kwake. Masele aliamriwa kuliezeka paa upya kabla ya mvua, naye aliliezeka vizuri, maana nilisema alikuwa mtu wa heshima. Ng'ombe wawili walirudishwa. Wa tatu alikwisha kuliwa katika sherehe ya ukoo, na mahali pake alitolewa mtamba mwembamba ambaye Kabula alimnenepesha mwenyewe. Mbwa mweupe hakurudi. Siku ya kuhama alikimbia, na hakuna hukumu iliyoweza kumtafuta.

Mimi nilipewa onyo la maandishi na kuhamishwa. Bwana Shauri hakunisifu, na mtemi hakuniaga. Nilipelekwa magharibi, upande wa Runzewe, ambako watu husema Kisumbwa, lugha nisiyoijua. Miezi sita ya mwanzo, kila siku ya baraza, nilikuwa mtu wa kusema "Sikuelewa, rudia." Hakuna adhabu iliyonifundisha kazi kuliko hiyo.

Kutoka kule nilianza kuitwa kwenye mashauri ya watu wasiosikia, maana habari ilikuwa imesambaa, na katika kusambaa ilinifanya bingwa. Sikuwa bingwa. Jambo la kwanza nililofanya kila mara ni kuuliza nani anakula na mtu huyu, nani anachota naye maji. Huyo ndiye mkalimani, si mimi. Jambo ambalo watu hawakulijua ni kwamba ishara hazifanani. Mikono ya Kabula isingeeleweka hata Mhunze, palepale Shinyanga, sembuse Geita. Kila kaya ilikuwa na lugha yake ya watu watatu wanne, na mmoja akifa, lugha inapungua mzungumzaji.

Kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita niliitwa kwa ajili ya mchimbaji aliyeitwa Hamisi. Huyu alizaliwa anasikia. Baruti ndiyo iliyomharibu masikio. Nyapara wake alisema anajifanya, anatafuta kazi nyepesi. Wakamsimamisha ofisini, wakaangusha mtaimbo nyuma yake. Hamisi akageuka, na chumba kizima kikasema, mnaona. Ofisi ile ilikuwa na sakafu ya mbao. Mimi nilikuwa nimevua viatu kwa sababu ya matope, na mshindo niliusikia kwa nyayo kabla ya masikio. Nikaomba wamtoe nje, kwenye mchanga, wauangushe tena. Waliuangusha mara tatu. Hamisi aliendelea kutazama kuku waliokuwa wakipita.

Alipewa kazi ya kugawa taa za wachimbaji, ambako kila mtu alionyesha kipande chake chenye namba na hapakuwa na haja ya mazungumzo. Ili niandike maelezo yake ilinibidi nikae mbele yake, mwanga ukiniangukia usoni mimi, niseme polepole bila kupiga kelele. Alikuwa akijifunza kusoma midomo, akaniambia kwa sauti ya kusikika mgodi mzima kwamba yangu haisomeki. Nikanyoa masharubu niliyoyafuga miaka saba. Mama Yosefu alifurahi, kwa sababu zake.

Nilirudi Shinyanga kwa likizo baada ya misimu kadhaa, nikapita kumwona Kabula. Nilirusha kidonge cha udongo mbele ya mlango. Alitoka, akanitazama, hakunipa kisogo. Akanionyesha kigoda, akaniletea michembe iliyopikwa kwa karanga, akarudi kwenye chungu alichokuwa akikifinyanga. Mama Shija alikuja kwa ajili ya kutufasiria, ingawa hatukuwa na mengi ya kusema.

Nikiwa pale alipita mwanamke mwingine njiani, naye akauliza kwa mkono mgeni huyu ni nani. Kabula akajibu: alichora kidole kwenye kiganja kama anayeandika, kisha akajifunika macho kwa mkono.

Nilimwuliza Mama Shija hiyo ni nini.

"Ni jina lako," akasema. "Limekuwa lako tangu siku ile ya baraza."

Nilitafuna michembe kwa muda. Kisha nikamwomba amwulize kama, baada ya yote yaliyotokea Boma, jina hilo haliwezi kubadilishwa. Mama Shija akauliza. Kabula alifikiri, akaendelea kulainisha ukingo wa chungu, halafu akajibu kwa mkono mmoja.

"Anasema wewe ndiye uliyeandika vile," Mama Shija akafasiri. "Akikuita jina jingine, watu watajuaje kwamba ni wewe?"

Jua lilikuwa limeinama na nilikuwa na safari. Niliposimama nilijaribu kumshukuru kwa mikono, kama nilivyokuwa nimewaona wao wakifanya. Kabula alinitazama mpaka nikamaliza. Akaacha chungu, akaja, akanishika vidole kwa mikono yake yenye udongo mbichi, akavinyoosha kimoja kimoja, akanifanya nirudie.